Siku Mpiga Gita Aliposimamisha Wimbo

Mtu akiniuliza nilisomea wapi, humtajia shule yangu ya Migori na miezi sita ya kujifunza taipu. Ni kweli, ila si kweli yote. Mengi ninayoyajua kuhusu watu nilifundishwa na mpiga gita mmoja wa Homa Bay, katika chumba kilichokuwa nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, miaka ya tisini ilipokuwa bado michanga. Jina lake sitalitaja. Yeye mwenyewe hakuwahi kuimba jina la mtu kabla watu wa nyumbani kwa mtu huyo hawajampa, na mimi watu wa nyumbani kwake sijawauliza. Alifariki kabla miaka hiyo haijaisha, akazikwa kwao, na wanaompenda watajua ninamsema nani.

Bendi yake iliitwa Jazi, kama karibu kila bendi ya kwetu. Palikuwa na Jazi ya huku na Jazi ya kule, na saksafoni hakuna hata moja. Siku moja kijana mmoja kutoka Nairobi, aliyekuja kwa kazi ya serikali, aliingia mazoezini, akatazama kila pembe, akauliza tarumbeta ziko wapi. "Zimeenda kuoga ziwani," mpiga gita akamjibu kwa uso mkavu. "Ngoja zitakuja." Na yule akangoja, masikini, karibu nusu saa. Kwetu jazi ni gita. La kwanza linaongea, la pili linaitikia, besi inasukuma kutoka nyuma, halafu maneno yanakoma na gita la kwanza linatoka mbio peke yake hadi unajikuta umesimama na hukumbuki uliinuka saa ngapi. Lake lilikuwa na waya wa tatu uliotolewa kwenye breki ya baiskeli, kwa sababu nyuzi za dukani zilikuwa adimu. Hata alipopata nyuzi halisi, ule wa breki aliuacha palepale. Alisema umeshazoea kazi.

Mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu, msichana wa miaka ishirini na miwili, mdomo mwingi kuliko mshahara. Kibanda chetu kilitazamana na soko la samaki. Watu walituletea barua za kuomba kazi, barua za kumshtaki chifu, na ratiba za mazishi. Ratiba za mazishi ndizo zilizonikutanisha naye.

Kwetu, mtu mzima akifa na watu wake wakiwa na uwezo kidogo, bendi huitwa imwimbie. Wimbo wa msiba una mpangilio wake. Humtaja marehemu, kisha wake zake kuanzia yule wa kwanza, ambaye kwa Kijaluo huitwa mikayi, kisha watoto, wakwe, wajomba, hadi rafiki aliyekuwa akimnyoa ndevu. Wanawake hawaitwi kwa majina ya kanisani. Huitwa kwa walikotoka: nyar mahali fulani, yaani binti wa huko. Majina hayo mwimbaji hayatungi. Huletewa na mji wa marehemu, yaani watu wa boma lake, kwa mkono wa mtoto wa kwanza wa kiume, na yakishaimbwa mbele ya watu mambo yamekwisha. Aliyemo ni wa mji ule. Asiyekuwemo arudi kwao. Nimeshuhudia mtu akiondolewa kwenye kiti kwa sababu wimbo haukumjua.

Macho ya mpiga gita yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na miwani aliikataa katakata. Kwa hiyo orodha ilikuja kwangu, nikaipiga taipu vizuri, kisha jioni nikampelekea na kumsomea. Nilitarajia dakika kumi. Siku ya kwanza nilianza kusoma, akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Karani, usisome kana kwamba unahesabu magunia ya omena sokoni," alisema. "Huyo ni mtu. Mwache aingie, akae, ndipo umwite mwingine."

"Mzee, wako arobaini na sita. Wakiingia mmoja mmoja tutalala hapa."

"Basi tutalala."

Hatukulala, lakini nilirudi nyumbani sauti imekauka. Nilipotaja jina, alilitafuta kwenye gita. Jina refu lililokataa kukaa hakulikata, wala hakuliharakisha. Alibadilisha gita. Wapigaji wenzake walilalamika kwamba kila msiba wanajifunza wimbo upya, naye akawaambia waende wakapige dansi mahali pengine kama msiba unawachosha. Hakuna aliyekwenda. Nilikaa naye hivyo miaka mitatu, na hadi leo sijui kusoma jina la mtu haraka. Ofisini walinicheka kwa hilo hadi nilipostaafu.

Niliwahi kukosea, na kosa hilo lazima nilieleze. Orodha moja ilikuwa na wakwe wawili waliotoka Sindo, majina yao yanafuatana. Nilipokuwa nikipiga taipu jicho langu liliruka mstari, nikamwacha mmoja. Siku nne baada ya mazishi mwanamume akaingia kibandani kwetu amevaa suti yake ya msiba. Hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba ametoa ng'ombe katika mji ule, amelima na watu wa mji ule, na sasa shemeji zake wanamsalimia kama mgeni, kwa kuwa wimbo ulimruka. Nilitaka ardhi ipasuke nizame. Mpiga gita alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi akinywa chai. Akasimama.

"Ni mimi niliyekuruka," alimwambia. "Nitakuja kwako Jumapili. Waite shemeji zako."

Jumapili tukaenda Sindo, yeye, gita lake na mimi, bila bendi. Akasimama uwanjani kwa yule bwana, mchana kweupe, akaimba wimbo wote tangu mwanzo, shemeji wamekaa kwenye viti vya kuazima. Jina lilipofika, mwenyewe aligeuka akajifanya anafukuza kuku. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza mpiga gita kwa nini alijitwika kosa langu.

"Karatasi haikuimba," alisema. "Aliyeimba ni mimi."

Nikaona aibu, nikaapa jina halitanitoka tena.

Sasa baba yangu. Baba alinunua samaki kisiwani Remba, akawashusha Homa Bay, na wengine akawapeleka kuuza Migori. Huko Migori ndiko alikompata mama, binti wa Kikuria aliyeuza maharagwe sokoni, Msabato wa kufa na kupona. Alimpangishia nyumba ya vyumba viwili, nikazaliwa mimi. Kila wiki alikuja siku mbili tatu, akaondoka. Kwao, ng'ambo ya mji wa Homa Bay, alikuwa na mikayi na watoto kumi wakubwa kwangu. Mama hakuwahi kukanyaga huko. Hakujengewa nyumba huko. Nilipopata kazi Homa Bay, baba alifika kibandani mara kwa mara kuniletea sukari, tena akinitambulisha kwa wenzake: huyu ni binti yangu. Wenzake hawakumuuliza binti wa nani, naye hakuwaambia.

Alifariki ghafla, kifua, hospitalini pale pale Homa Bay. Siku ya tatu kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mikayi, akaja kibandani na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alikuwa mwalimu, mtu mpole. Nataka hilo lieleweke, maana ingekuwa rahisi kumfanya shetani.

"Dada, bendi ni ile ile yako," alisema. "Tupigie vizuri."

Nikasoma. Baba. Mikayi, nyar wa kwao. Hakuna mke mwingine. Watoto, wa kwanza hadi wa kumi. Halafu wa kumi na moja, mimi. Nilikuwemo. Nimeandikwa kwa hati nzuri ya mwalimu, sina mama, kana kwamba baba aliniokota sokoni kwenye gunia la maharagwe.

"Na mama?" nikauliza.

Akakaa kwenye benchi. "Wewe ni damu yetu. Hilo halina mjadala. Lakini yule mama hatumjui. Mzee hakutuambia, hakumleta, hakumjengea. Nikimwandika leo, kesho watatokea wengine watatu. Niwaambie nini?"

Niliichukua karatasi. Nikaipiga taipu orodha yote kama ilivyokuwa, kila herufi mahali pake, nikiipiga ile mashine kana kwamba ndiyo iliyotukosea. Nilijua vizuri maana yake. Mama atakuja kumzika mtu aliyeishi naye miaka ishirini na sita, atakaa na majirani, atakula wali wa wageni, na jioni atapanda gari kurudi Migori. Siku naye atakapokufa, ataitwa mwanamke fulani aliyekuwa na mtoto. Mke hatakuwa amekuwa hata siku moja.

Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya mashine ya kusaga. Mpiga gita alikuwa peke yake, anafunga waya. Nikamsomea orodha, kisha nikamwambia ninachotaka: baada ya mikayi aimbe nyar Kuria. Maneno mawili tu.

"Liko kwenye karatasi?" akauliza.

"Mimi ndiye karatasi. Miaka mitatu nimekusomea, sijakuomba hata chai."

"Hujaniomba. Na hili siwezi."

"Sindo uliweza."

"Sindo tulimwacha mtu aliyeandikwa na mji wake. Wewe unataka niingize mtu ambaye mji haukumwandika. Nikiimba, kabla jua halijatua watasema karani wake amemwingiza mamake. Basi jina lake litakuwa limeimbwa na litakuwa bure. Utampelekea mama yako kitu bure?"

Nikamwambia ni mwoga. Nikamwambia na mengine ambayo sitaandika, kwa kuwa wajukuu wangu wanasoma. Alisikiliza yote, ameinamia waya wake.

"Mama mwenyewe anasemaje?" akauliza nilipomaliza.

"Mama ni Msabato. Nyimbo za bendi kwake ni za shetani. Hasemi kitu."

"Hasemi, au hajaulizwa?"

Nilibamiza mlango. Wiki nzima sikuzungumza naye. Bendi ilifanya mazoezi bila mimi, na mtoto wa mwenye mashine ya kusaga ndiye aliyemsomea majina.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Mwili ulitoka hospitalini mchana, na kufikia saa tisa uwanja wa nyumbani kwa baba ulikuwa umejaa. Ziwa lilionekana pale chini, jenereta inanguruma nyuma ya ghala, spika mbili zimefungwa kwenye miti. Mikayi na dada za baba walikuwa wamekaa kwenye mkeka mkubwa kando ya jeneza. Mama alifika kutoka Migori amevaa gauni lake la kanisani la kijivu na kilemba cheupe. Kijana wa kupanga wageni akamuuliza ametoka wapi, akamwambia Migori, naye kwa adabu zote akampeleka chini ya turubai, safu ya nyuma, walikokaa wafanyabiashara wa samaki. Nilimfuata, nikavuta kiti nikaketi nyuma yake. Nilikuwa na hasira na kila mtu pale, pamoja na baba ndani ya sanduku lake. Yeye ndiye aliyetuletea haya yote, akalala.

Bendi ikaanza. Nilikuwa nimejiandaa kuuchukia wimbo ule, nikashindwa, maana alikuwa amempatia baba mwendo wake hasa, ule wa mtu anayechelewa lakini hataki kuonekana anakimbia. Akamwimba baba. Akamwimba mikayi, nyar wa kwao. Akaingia kwa watoto, mmoja mmoja, kila mmoja akapewa nafasi yake ya kukaa. Nilipofikiwa mimi, mama akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika kidole. Wakaja wakwe, wajomba, marafiki. Kisha majina yakaisha na gita la kwanza likatakiwa litoke mbio.

Halikutoka. Alinyamazisha nyuzi kwa kiganja. Besi, kwa kutojua, ikapiga tatu nne zaidi peke yake, ikanyamaza nayo.

Lazima nieleze, maana kwa mtu wa mbali hili ni jambo dogo. Kwenye nyimbo za dansi, kusimamisha bendi ni kawaida kabisa. Mtu hutoa kitu kidogo, muziki unasimama, anainuka anajisifu mbele ya watu: mimi ni mtoto wa fulani, ng'ombe wangu hawahesabiki, mke wangu anang'aa. Tunaita pakruok. Watu wanacheka, bendi inaendelea. Lakini wimbo wa msiba hausimamishwi. Sijawahi kuona. Wazee wakatazamana.

Mpiga gita akasogea kwenye maiki. "Niliyopewa nimeyaimba yote," alisema, kwa Kijaluo kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili polepole. "Lakini huyu mtu alisafiri sana. Kama hapa kuna mtu wake ambaye mimi sikupewa, asimame ajitaje mwenyewe. Mimi nitangoja."

Spika zinavuma tu. Nikaelewa anachofanya, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu mama asiposimama sasa, mbele ya watu wote hawa, itakuwa amejikana kwa kinywa chake mwenyewe. Mama alikuwa anatazama viatu vyake. Nilianza kuinuka nimsemee. Mpiga gita, na ule ukungu wake wa macho, sijui aliniona vipi, akatikisa kichwa kidogo. Nikakaa.

Mtu akakohoa. Ndipo mama akaachia kidole changu, akasimama, akakisawazisha kilemba. Kijaluo chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na vipimo, kwa hiyo akasema Kiswahili.

"Mimi ni binti wa Wakuria," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na watu wa mbele wakageuka. "Sikuja kuchukua kitu. Nimemfulia huyu mtu na kumpikia miaka ishirini na sita." Akalitazama jeneza, nikadhani amemaliza. "Alikuwa muuza samaki ambaye hakula samaki. Alisema ananuka samaki mchana kutwa, akifika nyumbani anataka maharagwe. Na maharagwe yenyewe lazima yatolewe maganda, moja moja. Nilikuwa nakaa pale nayatoa maganda, moja moja. Sasa sijui nitamtolea nani."

Kaka yangu mkubwa alikuwa amesimama tayari, karatasi mkononi, amemgeukia mama. "Mama yangu," alianza, "kwa heshima zote, sisi hapa..."

Kutoka kwenye mkeka ikasikika sauti, na kwanza sikujua ni kilio au ni nini. Mikayi alikuwa anacheka. Anacheka huku machozi yanamtoka, amejifunika mdomo kwa ncha ya leso.

"Moja moja," alisema. "Hata hapa. Miaka arobaini, moja moja." Kisha akamtazama mwanawe. "Kaa chini. Huyu anamjua."

Kaka akakaa. Mikayi akajivuta upande, akawasukuma dada za baba nao wajivute, hadi pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka, upande wa kichwa cha jeneza. Hakumwita. Alipapiga tu pale kwa kiganja. Mama akatoka safu ya nyuma, akapita katikati ya viti vyote vile na gauni lake la kijivu, mtu wa Sabato akikatiza mbele ya spika za bendi, akavua viatu, akaketi.

Mpiga gita hakuendelea pale alipoachia. Aliwatazama wenzake, akahesabu kwa mguu, akaanza wimbo upya tangu mwanzo. Akamwimba baba. Akamwimba mikayi. Kisha gita likabadilika kidogo tu, likapungua mwendo kumpisha mtu aingie, naye akaimba, nyar Kuria.

Mama yangu, ambaye hakuwahi kusikiliza bendi maisha yake yote, hakujua kwamba mtu hajibu wimbo. Aliinua uso akasema, "Nipo."